Wageni Baada ya Arobaini

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam akikuambia "hapa ni kwako", anza kutafuta maboksi. Bupe hakulijua hilo. Alikuwa mtu mzima, mama wa binti wa kidato cha nne, karani wa mapokezi katika zahanati moja ya binafsi huko Mbagala, mtu aliyekaa mjini kiasi cha kujua bei ya kila kitu kuanzia fungu la mchicha hadi sanda. Lakini kwa hilo moja alikuwa mshamba kama aliyeshuka jana kutoka kwao Tukuyu, na ushamba huo ulimgharimu nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Hamisa, Kijichi, wilaya ya Temeke. Mbele aliishi Bi Hamisa mwenyewe, mjane wa Kindengereko aliyehamia hapo na mumewe wakati Kijichi bado ni mikorosho na njia za miguu. Nyuma, upande wa uani, kulikuwa na sebule, vyumba viwili na kajiko, na huko ndiko alikopanga Bupe tangu Tusajigwe, binti yake, akiwa darasa la pili. Siku anaingia, sakafu ilikuwa saruji iliyomenyeka, kuta zinapanda chumvi, na jikoni hakuna hata bomba. Maji ulichota kwa jirani mwenye kisima, ndoo kwa ndoo, na ukichelewa ulikuta kimefungwa. Kodi ilikuwa ya kuvumilika kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa ya kuvumilia.

"Wewe tengeneza unavyotaka, mwanangu," Bi Hamisa alimwambia. "Mie hela ya kutengeneza sina, na kukufukuza sikufukuzi. Hapa ni kwako."

Na haikuwa hila. Hilo lazima lisemwe, maana katika habari hii wako watu wa kulaumiwa na Bi Hamisa hayumo. Mwezi wa Ramadhani hakuna siku futari ilipikwa mbele isifike nyuma. Krismasi Bupe alipopeleka sahani mbele, bibi alipokea kwa mikono miwili na kesho yake akauliza kama imebaki. Kodi akipandisha, alipandisha kidogo, tena kwa kuzungukazunguka, akianza na habari za bei ya mchele na miguu inavyomsumbua. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao. Nani anamwandikisha mama yake mkataba?

Kwa hiyo Bupe alitengeneza. Kwanza alikwangua kuta na kupaka rangi. Alipopokea mchezo wa upatu akanunua vigae vya sakafu, sebule mwaka huu, vyumba mwaka ujao. Akaweka sinki jikoni. Mwisho akamwita Fundi Didas, fundi bomba wa mtaani, akamjengea mnara wa vyuma uani na kupandisha juu yake tenki la lita mia tano, lenye pampu ya kuvuta maji kutoka kwenye kisima cha jirani kwa malipo ya mwezi. Siku maji yalipotoka kwa mara ya kwanza jikoni, Bi Hamisa aliletewa kiti, akakaa mbele ya sinki akayatazama yakitiririka, akasema sasa anaweza kufa. Wenzake Bupe wa zahanati walikuwa wakinunua viwanja Chanika na Mbande, kidogo kidogo, wakipigana na vichaka. Bupe alisema yeye ana pa kukaa, na hela yake akaipandisha juu ya mnara wa mtu mwingine.

Mnaweza kumcheka. Lakini hebu mniambie, mpangaji wa mji huu afanye nini? Mshahara unalipwa kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka, kwa mkupuo, kabla hujaweka hata ndoo ndani. Ukishatoa hiyo ya nusu mwaka, dalali naye anataka ya kwake, mwezi mzima, kwa kazi ya kutembea na wewe kutoka barabarani hadi mlangoni. Na kabla ya huo mwezi kuna hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata kama ulichoonyeshwa ni banda la kuku. Mtu akikuta mahali ambapo hayo yote amepumzishwa, anakaa, anashukuru Mungu, na anaweka vigae.

Bi Hamisa alifariki mwaka jana, kwa presha, wiki mbili baada ya kuanza kulalamika kichwa. Bupe ndiye aliyempeleka hospitali na ndiye aliyempigia simu Mudathir, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi Msasani na kuja Kijichi kwenye sikukuu. Msiba ulipoanza, Bupe aliomba ruhusa kazini, akafunga kanga kiunoni na kukaa kwenye mafiga uani, yeye Mmoraviani, akipika ubwabwa wa watu wa Rufiji waliojaa kuanzia barazani hadi barabarani. Vyumba vyake aliwaachia akina mama wa upande wa marehemu. Yeye na Tusajigwe walilala jikoni. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna aliyemwona mgeni.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na chakula, Mudathir alisimama kushukuru. Alimtaja Bupe kwa jina la binti yake. Alisema, "Huyu Mama Tusa mnayemwona si mpangaji. Huyu ni mtoto wa nyumba hii." Watu wakaitikia, wanawake wakamshika Bupe mabega, na Bupe akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukipatia nafasi.

Siku chache baadaye Mudathir akapiga simu. Nyumba ya mbele wameifunga, alisema, mpaka mambo ya mirathi yakae sawa. Wageni wake wakija, Mama Tusa awapokee kwake. Bupe akajibu hakuna shida. Aliona ni jambo la kawaida kabisa, maana ukoo ulikuwa mpana na si wote waliowahi maziko. Kuna wa Kibiti, kuna wa Ikwiriri, kuna waliokuwa safarini. Mtu akikosa msiba, huja baadaye kutoa mkono wa pole, na akija lazima akute mlango wazi na mtu wa kumpa maji ya kunywa.

Wa kwanza walikuja siku ya Jumapili mchana, mume na mke, wamevaa vizuri, wakiongozwa na mwanamume wa makamo mwenye baraghashia na simu kubwa mkononi. Aliitwa Sadallah. Bupe alimwona mgeni wa kiume akimkunjia Sadallah noti pale getini, akafurahi moyoni kwamba bado kuna watu wanaokumbuka rambirambi.

"Hawa ni wageni wa kaka Mudathir," alisema Sadallah, na hapo hakusema uongo.

"Karibuni sana. Poleni kwa msiba."

Mke alimtazama mumewe. "Asante," akajibu mume, "tumeshapoa."

Bupe aliwakalisha kwenye makochi, akawamiminia juisi ya ukwaju. Mume akaomba kuona choo. Akaonyeshwa, akaingia, maji yakasikika yakishuka, akatoka na uso umekunjuka. Mke akauliza kama maji hapa yanasumbua. Basi hapo walikuwa wamegusa penyewe, kwa sababu hakuna kitu Bupe alipenda kukisimulia kama habari ya maji. Aliwapeleka jikoni akawafungulia bomba. Aliwapeleka uani akawaonyesha tenki na pampu, akawaeleza mtaa mzima unavyohangaika maji ya bomba yakikatika wakati yeye anaosha vyombo akiimba. Sadallah alikuwa nyuma yao, simu juu, akijitia anatafuta mtandao.

Baada yao akaja mwanamume peke yake, mpole, aliyeuliza habari za majirani na jua la jioni linaingia dirisha lipi. Bupe alidhani ni mmoja wa wadai mirathi anayeona haya kusema, akamhurumia na kumwongezea wali. Kisha akaja Noela, msichana wa Kihaya anayeuza kwenye duka la dawa Mtoni, mjamzito wa miezi mingi, anahema kwa kupanda kile kilima kidogo cha Kijichi. Huyo Bupe alimpakulia makande, akamwekea kigoda cha kunyooshea miguu. Noela alikula akamaliza. Alipoaga alimshika mkono na kumwambia, "Hongera sana, dada." Bupe alifikiri anapongezwa kwa jinsi alivyoitunza nyumba ya marehemu, naye akaitikia kwa adabu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa chakula chake, kwa juisi yake, kwa mdomo wake mwenyewe, Bupe aliiuza nyumba aliyokuwa akilala, mgeni mmoja baada ya mwingine, na aliiuza vizuri kuliko dalali yeyote wa Temeke. Walimwacha aiuze. Ukifikiria kwamba kulikuwa na mtu amekaa Msasani akipokea taarifa za maendeleo ya kazi hiyo, damu inachemka.

Jumamosi iliyofuata Noela alirudi, safari hii peke yake bila Sadallah, akiwa na futi ya fundi cherehani shingoni. Alisalimia, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la sebuleni na kuanza kupima.

"Unapima nini, mdogo wangu?" aliuliza Bupe.

"Mapazia, dada. Nataka nijue yale yangu kama yatatosha au nikashonee mengine. Si unajua nikishajifungua sitakuwa na muda."

Bupe alicheka kidogo, akisubiri sehemu ya pili ya maneno hayo, ile ambayo ingeyafanya yaeleweke. Haikuja.

"Mapazia ya wapi?"

Noela alishusha mikono. Mjamzito yule alikuwa na uso usioficha kitu, na Bupe aliuona ukibadilika. "Dada, si unahamia kwako mwisho wa mwezi? Sadallah alituambia umejenga. Ndiyo maana nilikupa hongera."

"Nimejenga wapi?"

"Mie nimeshalipa, dada. Miezi sita, na ya dalali. Nimekopa kwenye kikoba."

Akatoa simu, akaitafuta picha, akampa Bupe aone. Juu kulikuwa na maneno: APATIMENTI KALI KIJICHI, TAILIZI, SINKI, MAJI SAA ZOTE, LAKI TATU, WAHI. Tangu lini ilikuwa apatimenti? Bi Hamisa aliiita "kule nyuma". Chini ya maneno kulikuwa na jiko lake, sufuria yake ikiwa mekoni, na pembeni, kwenye kamba, sketi ya shule ya Tusajigwe iliyofuliwa na kuanikwa. Bupe alikuwa akilipa laki moja na nusu. Aliitazama ile sketi mpaka simu ikazima yenyewe.

Alimpigia Mudathir palepale. Mudathir hakukana kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu mbaya zaidi. Alikuja kesho yake jioni, akakaa kwenye kochi la Bupe, akapokea maji, akanywa.

"Mama Tusa, usinielewe vibaya," alianza. "Nyumba imepanda thamani. Kijichi ya sasa siyo ile ya zamani. Kuna tailizi, kuna sinki, kuna maji. Laki moja na nusu kwa nyumba kama hii watu watanicheka."

"Hizo tailizi niliziweka mie, kaka Mudathir."

"Najua. Tunashukuru sana. Mama alikuwaga anatuhadithia."

"Sinki ni langu. Tenki ni langu. Pampu ni yangu."

"Hapo sasa," alisema Mudathir kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "kitu kikishafungwa kwenye nyumba kinakuwa cha nyumba. Halafu na wewe tuseme ukweli, umetumia miaka yote hiyo, si umefaidi?"

Bupe alihisi masikio yanapata moto. Amefaidi. Alinunua, akafungisha, akalipa maji, akalipa kodi juu yake kila nusu mwaka, halafu anaambiwa amefaidi, kana kwamba alikuwa akijichotea kisirisiri kwenye chungu cha mtu. Na laki tatu zenyewe zimetoka wapi? Zimetoka kwenye vigae vyake. Alikuwa amepandishiwa kodi na jasho lake mwenyewe, na kwa kudhaniwa hawezi kulilipa, likapangishwa kwa mwingine.

"Ungeniambia basi," alisema. "Hata kama ni kuniongezea, ungeniambia mie kwanza. Mtoto ana mtihani Novemba."

"Nilitaka kukuambia. Nikaona tuko kwenye msiba, si vizuri kuzungumza mambo ya hela."

"Mbele za watu ulisema mie mtoto wa nyumba hii."

"Ndiyo," alisema Mudathir bila kupepesa. "Ndiyo maana niliacha arobaini iishe."

Alimaliza maji yake na kuweka glasi mezani, akakumbusha kwamba kodi ya Bupe inaishia mwisho wa mwezi na yeye hadai kitu. Akaaga kwa heshima zote. Bupe alikwenda kwa mjumbe, akaenda na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wote walimsikitikia, wote walikuwa wamekula ubwabwa wake kwenye msiba, na wote walimuuliza swali lilelile: mliandikishana wapi? Mwenyekiti alisema neno la marehemu ni zito, lakini halina sahihi. Akamshauri azungumze na familia vizuri, wayamalize kifamilia. Familia ipi?

Siku zile Bupe hakuwa mtu wa kukaa naye. Aliwapanga wagonjwa zahanati bila tabasamu, akawajibu mkato hata waliokuja kuuliza choo kiko wapi. Alijichukia kwa ile juisi ya ukwaju. Alimchukia Sadallah, aliyewaangalia watu wakipewa pole ya msiba usio wao akanyamaza. Na alimchukia Noela kidogo, bila haki, kwa sababu Noela ndiye aliyekuwa karibu.

Lakini Noela ndiye aliyepiga simu.

"Dada, nijibu ukweli. Sinki na tenki ni vyako kweli?"

"Vyangu. Fundi aliyefunga yupo, muulize."

"Basi ving'oe kabla mie sijaingia. Nikishaingia vikiwa ndani, itakuwa mie na wewe tunagombania, na yule amekaa pembeni anatuangalia."

"Wewe una tumbo hilo, utaoga wapi?"

"Mie nitajua pa kumbana," alisema Noela. "Nililipia nyumba yenye maji. Isipokuwa na maji, siyo nyumba niliyolipia. Ving'oe, dada."

Siku ya kuhama Fundi Didas alikuja asubuhi na msaidizi wake wa kupokea vitu vizito. Alipanda mnara alioujenga kwa mikono yake, akafungua koki, akayaacha maji yote yamwagike uani. Kuku wa jirani wakakimbilia. Kisha akateremsha tenki kwa kamba, akafungua pampu, akaingia jikoni akalitoa sinki na mabomba yake, akaacha tundu ukutani. Mnara wenyewe aliukata vipande, vyuma vikafungwa pamoja. Majirani walitoka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu anaanika nguo, huyu anatafuta mtoto ambaye yuko mgongoni mwake. Hakuna aliyeuliza kinachoendelea kwa sababu wote walikuwa wanajua.

"Vigae je?" aliuliza Didas, ameshika tindo.

Bupe alivitazama. Vilikuwa vya rangi ya maziwa, vyenye maua madogo pembeni, na alikumbuka duka alilovinunua na hela ya mwezi gani. Wangeweza kuvitoa, lakini vingetoka vipandevipande na visingemfaa mtu yeyote. Alisema waviache.

Mudathir na Sadallah walifika pamoja na gari la mizigo la Noela, kuja kukabidhi funguo. Mudathir aliingia uani akiwa na tabasamu la shughuli. Alipoliona tenki limelala chini, tabasamu lilimtoka. Akaingia ndani haraka, akasikika akifungua milango, akatoka.

"Mama Tusa, mbona umeiharibu nyumba?"

Bupe alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Alinyanyuka. Kwa wiki mbili alikuwa ametunga matusi ya kila aina, akiyarudiarudia akiosha vyombo, na wakati ulipofika hakuyahitaji.

"Haijaharibika, kaka Mudathir. Imerudi kuwa ya kwenu. Hivi ndivyo mama alivyonikabidhi. Vigae tu vimegoma kutoka, hivyo vihesabuni ni rambirambi yangu."

Jirani mmoja aliguna. Mudathir alifungua mdomo, na kabla hajasema Noela alikuwa ameshashuka garini, simu mkononi, picha ya tangazo wazi.

"Samahani, kaka. Mie nimelipia hii. Sinki liko wapi? Maji saa zote yako wapi?"

"Huyu mama kaondoka na vitu vya nyumba, dada yangu, tutamfuatilia."

"Huko kumfuatilia ni kwako. Mie nionyeshe sinki, au nirudishie hela yangu."

Mudathir akamgeukia Sadallah. Sadallah akasema yeye wake ulikuwa mwezi mmoja tu, na huo ulishapata matumizi, na kwa kawaida ya kazi yao hela ya dalali hairudi. Noela akamwambia arudie maneno hayo kwa sauti, majirani wayasikie. Hakurudia. Alianza kurudi nyuma taratibu kuelekea getini, akidai ana mteja anamsubiri Mbagala Kuu. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo zisizokauka wakawa wamesimama getini, na kwa bahati mbaya hakuna aliyemsikia alipoomba njia.

Mpaka Bupe anapanda gari lake, Mudathir alikuwa ameshashuka kutoka laki tatu hadi laki mbili na robo, akiahidi kuleta sinki jipya, na Noela bado alikuwa anatikisa kichwa, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe katikati ya uani, mikono juu ya tumbo. Alimpungia Bupe. Bupe naye akampungia. Lakini msidhani aliondoka ameshinda. Aliyeshinda haondoki. Alikuwa amepoteza nyumba, ameweka rehani hata cherehani yake ili apate kodi ya nusu mwaka ya chumba kimoja Charambe, chumba kimoja kwa watu wawili, mmojawapo msichana mkubwa mwenye mtihani. Njia nzima alikaa mbele na dereva, na machozi aliyokuwa ameyazuia mbele ya Mudathir yalimtoka kwenye kona ya Zakhem, mbele ya mtu asiyemjua.

Charambe walipokelewa na mwenye nyumba mpya, Mzee Mfaume, mtu mwenye ndevu nyeupe na maneno laini. Alisaidia kubeba ndoo. Alimuuliza Tusajigwe anasoma shule gani. Tenki lilipoteremshwa akalizunguka, akaligonga kwa viganja, akapendezwa nalo.

"Hili liwekeni hapa chini ya paa, mwanangu," alimwambia Bupe. "Mvua tutakinga, na bomba tutaunganisha. Litatusaidia wote humu ndani."

Alisema kwa nia njema. Bupe alimwangalia usoni na akaiona hiyo nia, wala hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Kisha akamgeukia Didas, aliyekuja nao nyuma ya gari na mizigo.

"Fundi, ng'oa mlango."

"Mlango gani?"

"Wa chumba changu. Liingie ndani."

Mzee Mfaume alicheka, akidhani ni utani, akaacha alipomwona Didas anatafuta bisibisi. Mlango uliondolewa, tenki likainamishwa, likasukumwa, likabanwa na fremu, likapita. Lilisimama kwenye kona na kula karibu nusu ya chumba. Godoro lilipotandikwa, hapakubaki pa kuweka meza.

"Sasa mama," alisema Mzee Mfaume kutoka nje, kwa sauti ya kuumia kidogo, "tenki ndani ya chumba, linafanya kazi gani?"

"Halifanyi kazi, baba," alijibu Bupe. "Linakaa."